Gereji Iliyofuata Mtaala wa Kenya

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kuiona shule atakayoanza mwakani. Ni shule ya umma iliyo karibu na stesheni, yenye mikaratusi mirefu na uwanja ambao nusu yake imefunikwa kwa zulia la plastiki la kijani. Wazazi tuliketishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakatufika kidevuni, na mwalimu mkuu akatueleza watoto wetu watasoma nini. Alisema kuna masomo ambayo shule haina hiari nayo. Sheria ya jimbo inataka kila shule ya umma iyafundishe, mtoto apende asipende. Akayataja polepole: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, habari za watu na mazingira yao, sanaa, afya na mazoezi ya mwili. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliyaandika yote kwenye simu.

Mimi sikuandika. Nilijikuta nikiiendeleza orodha kimoyomoyo, kwa sauti ya mtu mwingine: Kilimo, Sayansi Kimu, Muziki, Sanaa na Ufundi, Elimu ya Biashara. Hayo nayo yalikuwa ya lazima, rafiki yangu, na niliyasoma yote. Cha kuchekesha ni kwamba sikuyasomea Kenya. Niliyasomea hapa hapa Sydney, kwenye gereji ya nyumba ya kupanga huko Ingleburn, kila Jumamosi asubuhi, na mwalimu wangu alikuwa mama yangu mzazi.

Ngoja nikuanzie mwanzo. Nyumbani Kenya, upande wa Njoro, mama alikuwa mwalimu wa madarasa ya juu, yale yanayoandaliwa kwa mtihani wa taifa wa darasa la nane. Baba alikuwa mhasibu, naye ndiye aliyepata viza ya kuja huku. Walikubaliana miaka mitano. Kila Mkenya niliyewahi kukutana naye hapa alikuja kwa miaka mitano, na wengine sasa wana wajukuu. Lakini mama aliiamini ile miaka mitano kwa dhati. Hakuacha kazi, aliomba likizo bila malipo. Wakati wa kufunga mizigo baba alijaza begi lake vyeti na masweta, mama akajaza lake vitabu vya kiada, vya kuanzia darasa la tatu hadi la nane, masomo yote ambayo sheria ya Kenya wakati ule ilitaka mtoto wa shule ya msingi ayasome. Pale uwanja wa ndege wakamwambia begi limezidi uzito. Akatoa viatu, akabaki na vitabu.

Huku, cheti chake cha ualimu kiliangaliwa kwa heshima kikarudishwa. Akaambiwa arudi chuoni, karibu aanze upya. Alikataa, kwa sababu hakuona maana ya kusomea tena kazi katika nchi ambayo angeihama baada ya muda mfupi. Akaingia kazi ya kutunza wazee, kwenye makao yaliyokuwa upande wa Campbelltown, akawa anawaogesha, anawalisha, na kusikiliza habari za vita ambavyo hakuvijua. Alikuwa hodari katika kazi hiyo na wazee walimpenda. Lakini mtu akimwuliza anafanya kazi gani, alisema yeye ni mwalimu.

Mpango ulikuwa hivi, na sisi watoto tuliujua kama tulivyoyajua majina yetu. Mimi nikifika umri wa darasa la nane, familia inarudi. Nitasajiliwa katika shule yake ya zamani, nifanye mtihani pamoja na wenzangu niliowaacha darasa la pili, nipate shule nzuri ya upili, na Australia ibaki kuwa likizo ndefu tuliyowahi kwenda. Kwa hiyo ilikuwa lazima nisiachwe nyuma. Jumatatu hadi Ijumaa tulikuwa chini ya sheria ya jimbo la New South Wales. Jumamosi tulikuwa chini ya sheria ya Kenya, tawi la Ingleburn.

Gereji yenyewe ilikuwa ya matofali, yenye mlango wa bati unaokunjwa kwenda juu, na kelele ya mlango huo ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Baba alilifukuza gari lake likalale nje. Akaupaka ukuta wa nyuma rangi nyeusi ili uwe ubao, akasahau kumwuliza mwenye nyumba. Madawati yalitoka barabarani. Kuna siku ambazo halmashauri huwaruhusu watu kutoa samani kuukuu nje ya geti, na baba na mama walizunguka mtaa kwa mtaa kabla ya lori kufika, wakarudi na meza mbili na kiti cha kuzunguka ambacho kilipigwa marufuku kuzunguka. Mle ndani kulinukia petroli ya mashine ya kukatia nyasi, chaki, na uji wa wimbi. Unga wake tulikuwa tukiufuata Fairfield kwa treni, safari ya kula nusu siku, na uji ulikaa kwenye chupa ya chai hadi saa nne, wakati wa mapumziko. Hadi leo uji usiokuwa na harufu ya petroli kwa mbali naona kama umepungukiwa na kitu.

Ukishavuka mlango ule, mama hayupo. Aliyepo ni Mwalimu. Wewe uliyefundishwa na mzazi wako unajua adabu hiyo: huko nyumbani mtoto wa mwalimu hamwiti mama yake mama mbele ya darasa, na akikosea anaadhibiwa kuliko wenzake ili watu wasiseme anapendelewa. Basi alivaa sketi yake ya kitambaa, akatupanga mstari, mimi na mdogo wangu wa kike, mstari mzima wa watu wawili. Akatukagua kucha. Tukaimba wimbo wa taifa beti zote huku jirani akikata nyasi ng'ambo ya ua. Kisha tukamwamkia Mwalimu kwa pamoja, tukangoja tuambiwe tuketi. Mtu huyo huyo alikuwa amenipakia siagi kwenye mkate muda mfupi tu uliopita. Rula alikuwa nayo, nayo ilipiga meza sana, kwa kuwa meza haikujua namba ya kuwaitia polisi.

Haukupita muda darasa likapata mwanafunzi wa tatu. Alikuwa binti wa mama mmoja Mrundi aliyekaa Macquarie Fields, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwetu, aliyekutana na mama kanisani. Habari za gereji zilimfikia, akaja mwenyewe kuomba nafasi kama watu wanavyoomba nafasi shule za bweni.

"Huku kwa ekole watoto wanacheza tu, Mwalimu," alisema. "Mimi nataka huyu asome masomo ile ya kweli. Ile ya kukaa kimya."

Mama akampokea. Binti huyo alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kenya aliiona kwenye ramani tu, ile mama aliyoichora ubaoni kwa chaki. Lakini baada ya mwaka mmoja alikuwa anajua mazao ya kila mkoa wa Kenya, anajua kahawa inakaushwa vipi na pareto inafaa nini, na aliyajua hayo kuliko sisi tuliokuwa wenye nchi. Kila mama alipouliza swali, mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda. Mdogo wangu alimchukia kwa muda, kisha wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Masomo yenyewe, ukiyafikiria sasa, yalikuwa ya ajabu kidogo kwa watoto wa Ingleburn. Katika Sayansi Kimu, somo la kazi za nyumbani, tulichora pasi ya makaa na kutaja sehemu zake zote, pamoja na kile kijogoo cha kufungia, na mimi sijawahi kuishika pasi hiyo hadi leo. Tulijifunza kuondoa madoa ya majani kwenye kitambaa cha pamba. Tulijifunza kwamba choo cha shimo huchimbwa mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Hilo la choo lilituletea taabu, maana mdogo wangu alipoambiwa na mwalimu wake wa Jumatatu achore nyumba yao, aliichora vizuri na choo cha shimo nyuma yake, karibu na kamba za kuanikia nguo. Shule ikapiga simu, kwa upole sana, kutaka kujua kama nyumbani kuna tatizo la maji. Mama alikwenda, akautazama mchoro, akawaambia kwamba nyumba ina vyoo viwili vya kuvuta. Alipotoka nje alimwambia mdogo wangu kwamba umbali aliouweka ulikuwa sahihi.

Mimi nami nilichanganya mambo. Mwalimu wangu wa shule ya huku aliuliza siku moja mto mrefu kuliko yote katika nchi yetu ni upi. Nikanyoosha mkono nikajibu kwa sauti kwamba ni mto Tana. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka, akaniuliza uko wapi mto huo, nami nikamweleza unakoanzia, mabwawa yaliyojengwa juu yake na unakomwaga maji, mpaka kengele ikalia. Jumamosi nilimsimulia mama kisa hicho kwa uchungu, nikitarajia aniambie pole. Akaniongeza andazi.

Lakini ukimwuliza yeyote aliyesoma pale anakumbuka nini, atakwambia mahindi. Kitabu cha Kilimo kilisema mvua za masika huanza Machi, na mahindi hupandwa mvua zinapoanza. Nyuma ya gereji palikuwa na kipande cha ardhi, na mama alitutaka tupande kwa mujibu wa kitabu. Alijua fika kwamba huku Machi ni mwanzo wa kuelekea baridi. Hata sisi tulijua, tulifundishwa Jumatatu hadi Ijumaa. Jirani, mzee aliyekuwa na milimau iliyozaa mpaka inainama, aliegemea ua akamshauri kwa heshima angoje hadi Oktoba. Mama alimshukuru kwa Kiingereza chake kizuri, akageuka kwetu.

"Mahindi ya mtihani hupandwa Machi," alisema.

Tukapima nafasi kati ya shimo na shimo kwa rula, mbegu mbili kila shimo. Tukapalilia. Kufikia Juni yalikuwa yamefika magotini, majani yakageuka rangi ya zambarau, na Julai asubuhi moja tuliyakuta yamelala yote, yameganda kwa umande wa barafu. Mama alituketisha tuandike sababu za mavuno duni, nasi tukaandika wadudu, magonjwa, mbegu hafifu na palizi ya kuchelewa, kama kitabu kilivyotaka. Mwaka uliofuata, ilipofika Machi, tulichimba tena mashimo pale pale. Sukuma wiki, ambayo haina msimu wala adabu, ilistawi pembeni ikatulisha mwaka mzima.

Sisemi kwamba nilikuwa na huzuni. Mtoto huona kwao ndio kawaida, na nilidhani kila familia ina gereji ya namna hiyo. Lakini nakumbuka hofu fulani, ambayo ilikua kadiri nilivyokua. Wenzangu wa shule ya huku walikuwa wakizungumza juu ya shule ya sekondari watakayokwenda. Mimi nilijua kwamba kwangu kuna ndege, kuna bweni, kuna mtihani mmoja wa siku chache utakaosema mimi ni nani, na kuna watoto niliowaacha ambao sura zao zilikuwa zimeanza kunipotea. Sikutaka kwenda. Na nilimwona mama anavyokuwa Jumamosi, uso wake unavyonyooka akishika chaki, nikajua kwamba yeye anataka kwenda kuliko anavyotaka kitu kingine chochote. Hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu, nami nilisoma kwa bidii kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Baba alikuwa na neno lake, nalo lilikuwa "mwakani". Mama akiuliza juu ya tiketi, mwakani. Akiuliza juu ya kuiandikia shule, mwakani. Hakuwa mwongo. Alikuwa amepata kazi nzuri ya hesabu kwenye ghala moja kati ya yale makubwa ya Ingleburn, alikuwa anarudi jioni na nguvu ya kucheza nasi, na nadhani hakutaka kuwa mtu wa kusema hapana.

Kisha babu, baba yake mama, akafariki. Mama alikwenda peke yake kuzika, na alituambia kwamba akiwa huko atapita shuleni kwake kuzungumza juu ya nafasi yangu. Kwa majuma kadhaa gereji ilibaki imefungwa. Baba alitupikia wali na mayai kila siku, na Jumamosi tuliamka tukazurura uani bila kujua la kufanya. Yule binti Mrundi alikuja na treni kama kawaida kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwarifu. Tulikaa naye kwenye ngazi tukala malimau ya mzee wa ng'ambo kwa chumvi.

Mama aliporudi alikuwa amekonda. Jumamosi ya kwanza alikunja mlango, akatukagua kucha, tukaimba, tukaketi. Kisha akatueleza, kwa sauti ile ile ya kueleza mgawanyo wa desimali, kwamba serikali ilikuwa imebadilisha mtaala. Kilimo, Sayansi Kimu, Muziki, Ufundi, Biashara, hayo yote hayakuwa tena kwenye mtihani. Mengine yaliingizwa ndani ya Sayansi, mengine yaliachwa tu. Vitabu vipya alivikuta huko madukani. Alivishika, akavirudisha. Mabadiliko hayo yalikuwa yamepitishwa sisi tukiwa tunapima mashimo ya mahindi kwa rula.

Mdogo wangu, ambaye hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, aliuliza kama sasa tunaweza kuwa tunalala Jumamosi. Mama aliutazama ubao, ambao haukuwa na kitu. Nilimwogopa kwa namna mpya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mwalimu mbele ya ubao bila somo. Hapo yule binti Mrundi akanyoosha mkono, akasimama kama tulivyofundishwa.

"Mwalimu, mimi sikuwa nafanya mtihani," alisema. "Tulikuwa tumefika kwenye ng'ombe wa maziwa."

Mama akachukua chaki akaandika kichwa cha habari, Ng'ombe wa Maziwa, akapiga mstari chini yake. Tukaendelea. Siku ile tulisoma Kilimo ambacho hakuna mtu yeyote duniani angetuuliza, na ninavyokumbuka lilikuwa somo zuri kuliko yote aliyowahi kutufundisha. Alituambia habari za ng'ombe wa baba yake, yule babu aliyetoka kumzika, majina yao na tabia zao, mambo ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Mara moja alijisahau akacheka.

Mwaka wangu wa darasa la nane ulikuja ukapita. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Nilikuwa tayari sekondari, nina sare mpya na rafiki wa kupiga naye mpira kando ya njia ya reli. Jumamosi tuliendelea kwenda gerejini, mama alitupa mazoezi ya Kiswahili na Hisabati na insha, na nilingoja kila siku aniambie nifunge mzigo. Hakuniambia. Nilidhani ni baba, na lile neno lake. Nilishusha pumzi, na nilimwonea mama huruma.

Kilichofuata kilikuwa suala la uraia. Ilibidi, maana bila huo mimi na mdogo wangu tusingepata mkopo wa serikali wa kusomea chuo kikuu, na ilikuwa rahisi zaidi kutuingiza kwenye ombi la wazazi tungali wadogo. Siku hizo Kenya haikukubali mtu awe na uraia wa nchi mbili. Ukiapa hapa, kule umetoka. Baba alisema hataapa peke yake.

"Mwalimu akikubali, nimekubali," alisema, akaenda kuangalia raga.

Mama alikaa na jambo hilo miezi. Kisha Jumamosi moja nilisikia mlango wa bati unakunjwa, nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye dawati langu. Mkononi alikuwa na kile kitabu kidogo ambacho serikali huwapa wanaotaka uraia wakisome, kwa kuwa kuna mtihani. Alininyooshea kitabu na chaki.

"Niulize," alisema.

Nikamwuliza. Rangi za bendera. Bunge lina mabaraza mangapi. Makoloni yaliungana vipi yakawa nchi moja. Kila swali alisimama kulijibu, mikono nyuma, kwa sentensi kamili, kisha akaketi na kungoja linalofuata. Sikujua nimwiteje. Mto mrefu kuliko yote aliutaja bila kusita, ule wa huku. Tulipofika kwenye maneno ya kiapo aliniambia nimsikilize matamshi. Akayasoma mara moja, polepole, hakukosea hata silabi. Alipomaliza hakuketi. Alibaki amesimama pale kati ya madawati, nami sikujua kama ninapaswa kumwambia aketi.

Alipata alama zote. Tulimngoja nje ya ofisi alikofanyia mtihani, baba kwenye usukani, na alipoingia ndani ya gari alisema maswali yalikuwa mepesi. Kisha akalia. Alilia njia nzima ya barabara kuu, bila sauti, akitazama nje, na baba aliendesha bila kuwasha redio. Mimi nilihuzunika sana na nilifurahi sana. Miezi kadhaa baadaye tuliapa kwenye ukumbi wa halmashauri, kila mtu akapewa mche mdogo wa mti kwenye kopo, na jioni ile baba aliliingiza gari gerejini.

Hayo ni ya zamani. Mzee mwenye milimau alifariki na nyumba yake imebomolewa, pamejengwa mbili zinazogusana. Yule binti Mrundi ni muuguzi, ana watoto, na tukikutana kwenye sherehe za watu anapenda kuniuliza dalili za ng'ombe mwenye homa ili aone kama nimesahau. Kenya ilikuja ikabadilisha sheria, sasa mtu anaweza kuwa na uraia wote wawili, lakini mama hajaenda kuudai wake. Mtihani wenyewe wa darasa la nane umefutwa. Mtaala ni mwingine kabisa, shule ya msingi inaishia darasa la sita. Nilipomsomea mama habari hiyo kwenye simu aliuliza tu kama Kilimo wamekirudisha. Nikamwambia nadhani wamekirudisha. Akasema vizuri.

Basi siku ile tulipotoka kuiona shule, nilipita kwa wazazi wangu na binti yangu. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Binti yangu akamwambia bibi yake kwa Kiingereza kwamba shule ina maktaba na sungura, mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba sungura hulishwa majani makavu kwanza, na wakaelewana vizuri tu, kama kawaida yao. Nikamtajia mama orodha ya masomo ambayo sheria inayalazimisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema si mabaya.

Sijui kwa nini nilimwuliza siku hiyo, baada ya miaka yote hiyo. Labda ni vile viti vidogo.

"Mama, ule mwaka wangu wa darasa la nane. Ungenipeleka kweli?"

"Nilikuwa nimeshaulizia tiketi," alisema. "Mbili. Yako na yangu."

"Na baba?"

"Baba yako alijua. Tulikuwa tumeshalimaliza hilo."

Hakuacha kumenya. Chumba cha pili baba alikuwa anamwonyesha mjukuu wake kitu fulani, na yule mtoto alikuwa anacheka. Niliwasikiliza nikahesabu ndani ya kichwa changu nyumba mbili, moja Njoro na moja Ingleburn, na mdogo wangu yuko ipi, na nikaogopa jambo ambalo halikutokea.

"Sasa mbona hatukwenda?"

Mama aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Niliwapa insha," alisema. "Mwaka ule ule. Niliwaambia mwandike kuhusu nyumbani. Mdogo wako aliandika upuuzi wake. Wewe uliandika kurasa mbili. Kulikuwa na njia ya reli, na wale ndege weusi na weupe wanaowashambulia watoto masikioni wakati wa kutaga, na harufu ya mkate kutoka viwandani asubuhi. Kulikuwa na mimi nimetoka zamu, nimelala kwenye kochi na viatu. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta Njoro. Haikuwepo hata mara moja."

Nilimwambia siikumbuki insha hiyo. Ni kweli, siikumbuki, hata neno moja.

"Ilikuwa nzuri," alisema mama. "Nilisahihisha kama ya mtoto wa mtu mwingine. Nilikupa thelathini na nne kati ya arobaini."

Akachukua kiazi kingine.